Nunua gari la Jumanne, si la Desemba

Gari langu la kwanza lilikuwa saluni nyeusi ya chini, injini ya silinda sita, rimu zinang'aa mpaka unajiona uso. Wakati huo nilikuwa naishi mbele ya Goba, na lami ilikuwa bado haijafika kwetu. Haikupita wiki mbili, watoto wa mtaani wakawa wananijua kabla hawajaniona: walisikia "kwaruuu" ya sailensa ikipita juu ya jiwe moja lililoota katikati ya njia, pale karibu na kwa mama ntilie. Jiwe lile nililikwepa miezi minane. Mwishowe gari nikaliuza kwa hasara, jiwe nikaliacha palepale.

Tangu hapo ndugu na marafiki wakitaka gari hunipigia simu, nadhani kwa sababu wanajua nimeshalipa ada ya shule hiyo. Nami huwauliza swali ambalo wengi huwaudhi: Jumanne unafanya nini?

Nauliza Jumanne kwa sababu hakuna mtu anayeiota. Jumamosi kuna harusi, Jumapili kuna ibada na nyama choma, Desemba kuna safari ya Moshi au Bukoba na mizigo juu ya keria. Watu wengi hununua gari la Desemba, kisha hulilisha mafuta siku nyingine zote za mwaka kwenye foleni ya Mwenge. Safari ya mara moja kwa mwaka unaweza kupanda basi, au ukakodi gari. Jumanne huwezi kuikodishia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua gari la kawaida lililotumika Japan, akiwa Tanzania, hasa Dar es Salaam. Walio Kenya wataufuata vizuri tu, ila wakumbuke kuwa kwao gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo hesabu ya bei inaanzia mahali pengine.

Hatua ya 1: Andika wiki yako

Chukua daftari au simu. Kwa siku saba andika kila safari: umetoka wapi, umefika wapi, kilomita ngapi, umekwenda na nani, umebeba nini, na gari lingelala wapi. Andika ulichofanya kweli, hata kama ulipanda daladala au bodaboda. Usiandike maisha unayopanga kuyaishi ukishapata gari, maana humo kila mtu huwa anakwenda Bagamoyo kila wikiendi.

Shemeji yangu anaoka keki Tabata. Alikuwa ameshikilia Harrier, na picha yake ameiweka kwenye simu. Daftari lake la wiki moja lilikuwa na safari ishirini na mbili: kumi na moja za kupeleka keki, kumi za shule ya watoto, moja ya kanisani. Keki ya ngazi tatu inataka sakafu tambarare na mlango mpana wa nyuma. Watoto wanashushwa kwenye foleni ya shule ambako magari yamebanana kiasi kwamba mlango wa kawaida haufunguki vizuri. Tukaishia kwenye Toyota Raum, gari ambalo hakuna kijana anayeliwekea picha popote, lakini milango yake ya nyuma ni ya kuteleza na kiti cha nyuma kinalala. Harrier bado iko kwenye simu yake. Si dhambi.

Ukisoma daftari lako angalia sana watu wa kiti cha nyuma. Dereva hujipendelea. Kama unambeba mama mwenye magoti yanayouma, saluni ya chini itamtesa kila anapoingia na kutoka. Gari ambalo kiti chake kiko usawa wa nyonga litamfaa zaidi. Kama mnakuwa sita mara kwa mara, gari la safu tatu lina maana, ila kaa mwenyewe kwenye safu ya tatu kabla hujanunua. Kwenye Spacio, safu hiyo ni ya watoto, na mtu mzima akikaa humo hadi Kibaha atashuka amejikunja kama kisu cha kukunja.

Hatua ya 2: Pima kilomita ya mwisho

Barabara kuu haina shida na gari lolote. Shida ni kutoka lami hadi getini kwako. Itembee kwa miguu, na kama unaweza subiri masika uitembee tena, kwa sababu barabara ya Januari na barabara ya Aprili ni barabara mbili.

Kipimo changu ni tofali la inchi 6. Lilaze ubavu, kimo chake ni kama sentimita 15, na huo ndio uwazi wa chini wa magari mengi madogo kama IST, kukaribia hapo. Kama njiani kuna jiwe, tuta au mgongo wa kati uliochongwa na malori ambao unalizidi tofali hilo, na hakuna pa kupitishia tairi pembeni, basi gari dogo litakuwa linakwaruza kila siku. Kumbuka pia kuwa likibeba watu wanne na mchele gunia moja linashuka zaidi.

Wapo wanaonunua gari la chini kisha wanalipandisha kwa kuweka spesa kwenye shokapu. Inchi moja naielewa. Zaidi ya hapo ekseli zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, na fundi wako atakuwa anakusalimia kwa furaha sana.

Kuhusu gari la kuvuta tairi zote nne: linasaidia kwenye utelezi na mchanga, lakini haliongezi kimo. Kwa njia ya mawe unahitaji uwazi wa chini. Kwa udongo wa mfinyanzi unaoteleza mlimani, hapo ndipo tairi nne zinapolipa gharama yake ya mafuta na spea za ziada. Na maji yaliyofurika, mfano Jangwani ikijaa, usiyapime kwa gari lolote. Injini ikivuta maji, inaweza kufa hapohapo.

Hatua ya 3: Sema ukweli kuhusu sura

Hapa ndipo watu huanza kunidanganya. "Mimi sijali watu wanasema nini, nataka tu gari imara." Sawa. Lakini sisi ni nchi iliyolipa gari moja jina la Tako la Nyani na jingine Miss Tanzania, gari dogo la mizigo tukaliita Kirikuu, na yanayobeba abiria wa mikoani kwa kujibana tukayaita michomoko. Watu wanaoyapa magari majina ya namna hiyo wanayatazama. Nawe wanakutazama ukiwa ndani.

Kwa hiyo sura ni hitaji halali, ila liandikwe kama mahitaji mengine. Chukua karatasi, andika majina ya watu watatu ambao wakilibadili wazo lao kuhusu gari lako, kipato chako au amani yako inabadilika. Dalali wa viwanja anayempeleka mteja aliyetoka ughaibuni kutazama eneo Kigamboni ana sababu ya kweli: mteja anapima uzito wake kwa kiti alichokalia. Fundi ujenzi mambo yake huwa kinyume. Akija kukadiria nyumba na gari kubwa, mwenye nyumba anaanza kuhisi bei imepandishwa ili kulilisha. Mwalimu, muuguzi, mtu wa ofisini anayeegesha chini ya jengo na kupanda lifti, karatasi yake mara nyingi hubaki tupu, au ina majina ya wenzake wa kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Kama ni hao, usione haya. Andika tu pembeni ni shilingi ngapi uko tayari kulipa ili wao waone.

Halafu kuna habari ya namba. Mtu haulizi gari la mwaka gani, anauliza "namba gani?", akiambiwa E macho yanafunguka, akiambiwa B anakohoa. Namba za magari yetu huanza na T, tarakimu tatu, halafu herufi tatu, na herufi ya kwanza kati ya hizo ndiyo inayotajwa. Lakini herufi inaonyesha lini gari limesajiliwa Tanzania, basi. Haisemi limetengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 likishuka meli leo linapata namba ya leo. Kuna namba E zenye umri wa miaka ishirini, na kuna namba C za mwaka 2008 zilizotunzwa na mtu mmoja tangu zishuke. Ukinunua, soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi na uulinganishe na namba ya chasisi. Ukiuza, herufi itakusaidia tu, hilo silikatai.

Kwa mwenye bajeti finyu, ushauri wangu una ubishi lakini sijaona sababu ya kuubadili: kama unahitaji sura, chukua gari dogo zaidi lililo safi kuliko gari kubwa lililochoka. Hakuna kinachotangaza ukata kama gari kubwa lililoshusha vioo vyote saa nane mchana, AC imekufa, taa za mbele zimekuwa za njano, tairi nne za kampuni nne tofauti. Passo iliyong'arishwa taa, yenye tairi zinazofanana na viti vilivyofuliwa, inaegeshwa popote bila maneno. Kung'arisha taa na kufua viti ni kazi ya mchana mmoja.

Rangi nayo: nyeusi ni nzuri kwenye picha. Kwenye barabara ya vumbi inataka kuoshwa kila siku, na juani inapata joto. Nyeupe na fedha huuzika haraka.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kulitunza kabla ya kulinunua

Usitumie pesa yote kwenye bei. Mimi huwaambia watu waweke pembeni angalau sehemu moja ya tano, kwa sababu gari la mtumba mwezi wa kwanza hudai tairi, betri, oili na filta, brek pedi, na bima.

Mafuta tuyafanyie mfano. Tuseme daftari lako la hatua ya kwanza linaonyesha kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,040. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Bei kikomo halisi EWURA huitangaza kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Gari dogo la cc 1300 au 1500 kwenye foleni zetu nalihesabia kilomita 12 kwa lita, hivyo litakunywa shilingi 260,000. Gari la cc 2400 nalihesabia 7 kwa lita, nalo litakunywa kama 446,000. Tofauti ni karibu 186,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya milioni mbili na laki mbili. Kilomita kwa lita unazosoma kwenye matangazo ya magari ya Japan zilipimwa kwenye mtambo, si Ubungo, kwa hiyo zipunguze kabla ya kuziamini.

Hesabu ya pili ni ya spea, na hii watu huiruka. Kabla hujanunua, nenda Kariakoo, upande wa Gerezani, au Ilala, ukiwa na jina la gari, mwaka na aina ya injini. Uliza bei ya vitu vitano: shokapu za mbele, taa ya mbele, kioo cha pembeni, giaboksi na kontrol boksi. Kioo cha pembeni nimekiweka makusudi, kwa kuwa gari likilala nje usiku ndicho huondoka cha kwanza. Ukiona duka la kwanza linakupa bei tatu, ya dukani, ya mtumba na ya kopi, gari hilo lina maisha hapa. Ukiambiwa "hiyo bosi mpaka tuagize", umeshajibiwa. Ndiyo maana unaona magari ya Ulaya yenye umbo zuri yanauzwa bei ya kushangaza kwenye tovuti za Japan. Si kwamba ni mabovu. Ni kwamba siku sensa moja ikifa utatafuta mtu mwenye mashine ya kulisoma, kisha spea, kisha pesa, kwa mpangilio huo.

Bima ndogo inalinda wengine dhidi yako, bima kubwa inakulinda na wewe. Gari likiwa la mkopo au likilala nje, chukua kubwa.

Hatua ya 5: Punguza orodha ibaki na magari mawili

Ukiwa peke yako au wawili, njia ni lami: Passo, Vitz, IST, Demio, Swift. Zile za cc 1000 zinabana mafuta vizuri mjini, lakini zijaze watu wazima wanne, washa AC, kisha upande mlima Kitonga. Utajua silinda tatu ni nini. Kama mikoani unakwenda kila mwezi, anzia cc 1300 au 1500.

Familia: Premio na Allion kwa wanaopenda saluni ya heshima isiyopiga kelele, Wish au Noah kwa wanaojaza. Kwenye Noah za 2001 hadi 2007, na baadhi ya magari mengine ya miaka hiyo, uliza kama injini ni D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ni injini nzuri ikipewa mafuta safi na fundi anayeijua. Vikikosekana hivyo viwili, inakuwa kesi.

Kilomita ya mwisho ikiwa mbaya: RAV4, X-Trail, Escudo, Forester. Forester nyingi zina uwazi wa chini wa sentimita 20 au zaidi, ila hakikisha mtaani kwako kuna fundi wa Subaru. Fundi wa Toyota anayejaribujaribu hatoshi.

Biashara: hapa nitamtetea Probox. Watu wanamcheka, Kenya wanamheshimu, nami niko upande wa Kenya. Sakafu ya nyuma tambarare, na spea kila kona. Kirikuu ni wa mizigo myepesi; kile kipikapu cha cc 660 Wajapani walikipangia kilo 350, na sisi tunakipakia saruji mpaka taa zinaangalia mbinguni.

Hatua ya 6: Amua unanunua wapi

Kuagiza mwenyewe kunakupa karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi inayotolewa gari linapopigwa mnada Japan, na hiyo karatasi ni dhahabu. Inaonyesha kilomita, daraja, na mchoro wa mikwaruzo. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 linanunulika, na ukiona R au RA ujue liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Wakikuambia karatasi haipo, chagua jingine. Lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni, kamwe si ya mtu binafsi. Na ujue bei ya FOB ni gari likiwa bandarini Japan. Ya CIF imeongezwa bima na nauli ya meli.

Kinachowaumiza wengi ni kodi. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Unaingiza aina, mwaka na cc, kinakupa jumla. Kitumie kabla ya kulipa hata dola moja, kwa sababu thamani wanayoitumia si lazima ilingane na bei uliyonunulia. Mpangilio wake uko hivi: ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na injini, ambao ni sifuri hadi cc 1000, asilimia 5 hadi cc 2000, asilimia 10 zaidi ya hapo. Halafu uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10. Juu ya yote hayo, VAT asilimia 18. Tuseme gari la cc 1500 la miaka kumi na tano limethaminiwa milioni 8. Forodha milioni 2, jumla inakuwa milioni 10; juu ya hiyo milioni 10, injini laki 5, uchakavu milioni 3, kisha juu ya yote VAT milioni 2 na laki 4 na ushee. Kodi imekuwa karibu sawa na gari lenyewe, na bado ada ndogondogo na wakala wa bandarini. Gari linaloonekana la kutupa kwenye tovuti ya Japan si la kutupa likifika hapa. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo kikokotoo ndicho cha mwisho.

Yadini unalipa zaidi lakini unaligusa. Mkononi unapata bei nzuri na matatizo ya watu. Dalali atakuambia, "Bosi wangu, hili lilikuwa la mama mmoja daktari, linakwenda kazini na kanisani tu." Mwambie mama daktari aje. Jina la kadi na la kitambulisho yafanane. Kadi iwe ya asili, mkononi, siyo "iko kwa ndugu", maana kadi nyingi ziko rehani kwenye mikopo. Angalia deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kwa kutumia namba ya gari. Na badilisha umiliki TRA mara moja. Usiendeshe miaka mitatu gari lenye jina la mtu mwingine.

Hatua ya 7: Kagua, kisha liishi kwa saa mbili

Nenda asubuhi mapema na uguse boneti. Ikiwa ya moto, wameshaliwasha kabla hujafika, na kuna kitu hawataki ukisikie. Injini baridi husema kweli. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mfuniko wa oili ukiwa na utando kama uji, maji yameingia kusikotakiwa. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu, usikilize ka-ka-ka ya ekseli. Funua kapeti na unuse: tope na ukungu chini ya kiti ni gari lililooga mafuriko. Soma tarehe kwenye lebo za mikanda ya viti. Mmoja ukitofautiana na mingine, uliza kilichotokea upande huo.

Fundi awe wako, na mlipe ada yake hata usiponunua. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu hatakuambia uliache.

Mwisho, omba uliendeshe kwenye Jumanne yako. Saa ileile unayotoka kazini, njia ileile, hadi getini kwako. Shemeji yangu alikuja na boksi tupu la keki ya ngazi tatu na watoto wawili wenye mabegi. Muuzaji alishangaa, akakubali. Boksi likaingia, watoto wakashuka upande wa foleni bila kugonga gari la mtu, na njiani kurudi mdogo alikuwa amelala. Muuzaji akikunyima saa hizo mbili, mrudishie ufunguo.